Mishipa ya Baba Tekla

Presha yetu iligunduliwa siku moja, mimi na mume wangu, tukiwa tumekaa kwenye benchi moja, na ya kwake ikawa ya kwanza kushuka. Nikianza na jambo jingine nitakuwa nadanganya. Nimewasikia wagonjwa wenzangu wakisimulia, wengi huanza na maumivu. Mimi nilianza na wivu, maumivu yakaja baadaye.

Tunakaa Ntalikwa, nje kidogo ya mji wa Tabora. Baba Tekla anachonga mizinga na kurina asali, mimi nalima mahindi na karanga. Mtoto wetu ni mmoja tu, Tekla, ameolewa Igunga na kijana anaitwa Masanja, wana mashine ya kukoboa mpunga. Mwaka jana mwezi wa sita, baada ya misa, padri alitangaza kwamba kuna wauguzi wamekuja kupima presha uani mwa kanisa, kila mwenye nafasi apite. Baba Tekla akaniambia tupite, maana uji wa parokia ulikuwa bado haujaiva.

Walimpima yeye kwanza, muuguzi akatikisa kichwa. Wakanipima mimi, muuguzi akamwita mwenzake aje aone. Hata hapo nilimzidi.

Sikuwa naumwa kitu, au ndivyo nilivyodhani. Kichwa, ndiyo, huku kisogoni, hasa asubuhi, lakini mwanamke gani wa umri wangu haumwi kichwa? Tukaandikiwa kwenda kliniki mjini. Daktari wetu alikuwa msichana ambaye angeweza kuwa mdogo wake Tekla, akatuamkia shikamoo kabla hajavuta kiti. Alinishika mkono, akaniuliza vidole vyangu huwaje asubuhi za baridi kama hizi za mwezi wa sita. Nikamwambia vinapauka na kufa ganzi mpaka niote moto.

"Hiyo ni mishipa ya damu inabana, mama," akasema. "Inajibana ili joto lisitoke. Ukiota moto inatanuka, damu inapita, vidole vinarudi rangi yake. Sasa yako ya mwili mzima imebana hivyo hivyo, ila haina moto wa kuota. Moyo unasukuma kwa nguvu ili damu ipite. Nguvu hiyo ndiyo presha."

"Na ya mzee?"

"Ya mzee pia imebana. Kidogo kuliko yako."

Somo lenyewe ni hilo, sitalirudia. Tulipewa vidonge vya aina moja vya kutanua mishipa, tukaambiwa tuache chumvi, tutembee, na turudi kliniki kila mwezi. Njiani kurudi Baba Tekla alikuwa anapiga mluzi. Akaniambia babu wa babu yake alibeba pembe za ndovu kichwani kutoka hapa Tabora mpaka pwani na kurudi na nguo, kwa hiyo mishipa ya ukoo wao imezoea mizigo.

"Na yangu mimi imezoea nini?" nikamuuliza. Kwetu ni Igalula, na mababu zangu nao walibeba mizigo njia ile ile.

"Yako imezoea kununa," akasema.

Tulirudi mwezi wa saba. Benchi la kliniki ni refu, limewekwa ukutani, na mgonjwa akiitwa mnasogea wote pamoja, kwa hiyo unakaa mahali ambapo mwenzako ameshapaacha pa moto. Muuguzi anakupimia hapo hapo mwisho wa benchi na anasoma kipimo kwa sauti, wote mnasikia. Baba Tekla akasomewa chake. "Safi sana, mzee," muuguzi akasema, na watu wawili watatu wakageuka kumtazama. Kisha nikafungwa kile kitambaa mkononi, kikajaa upepo, na kabla hakijaisha kunywea nilishajua. Mia na themanini na kitu. Muuguzi akaandika tu.

Nitasema wazi nilivyojisikia, kwa kuwa najua kuna mtu atasoma hapa na yeye yuko hivyo kwa ndugu au jirani. Nilimchukia. Sikumchukia kwa ubaya, nilimchukia kama unavyomchukia mtu anayelala usingizi mzito pembeni yako na wewe macho makavu. Mwanamume huyu alikuwa anasahau vidonge mpaka nimkumbushe. Alikuwa hatembei, anakaa chini ya kivuli anachonga mzinga. Mimi nilikuwa namwamkia jogoo, natembea mpaka barabarani na kurudi, nimeacha chumvi kabisa, hata kwenye mboga ya mgeni. Tulikuwa tunakula nilichopika mimi, ugali wa chungu kimoja. Mishipa yake ikalegea na yangu ikakaza.

Mwezi wa nane miguu ikaanza kuvimba. Daktari alisema ni vidonge, vinawafanyia hivyo baadhi ya watu. Viatu vya kanisani vikanikataa, nikawa naenda misa na ndala. Ukikandamiza kidole juu ya kifundo, shimo linabaki. Majirani wakaanza kuniangalia miguu badala ya uso. Baba Tekla hakuvimba hata kidole. Alinichemshia maji, akayaweka kwenye beseni nikaloweka miguu, akakaa karibu yangu anamenya karanga. Namshukuru kwa hilo, ingawa siku ile nilimwambia aondoe ile miguu yake mizuri mbele yangu.

Nilibadilishiwa dawa. Miguu ikapungua, lakini hiyo mpya ilikuwa na kizunguzungu chake. Nikiinuka haraka kutoka jikoni, dunia inazunguka, nashika mlango. Nikajifunza kuinuka kwa hatua: kwanza nakaa wima, napumua, ndipo nasimama. Wewe unayeanza dawa hizi, fanya hivyo. Usione aibu watu wakikungoja.

Pale kliniki nilipata rafiki, Bi Zuhura, mwenye duka la vitambaa mjini. Babu zake walitoka Omani, na kanga zake zote zina harufu ya udi. Nilimpenda kwa sababu moja tu, presha yake nayo ilikataa kushuka. Alikuwa ananiwekea nafasi kwenye benchi upande wa dirisha, ananiletea tende mbili kwenye karatasi, na tukisomewa vipimo tunatazamana kama wanafunzi waliofeli pamoja. Mwezi wa tisa yake ikashuka. Alinikumbatia, akasema inshallah na yako. Nilimjibu amina, kisha nikakaa upande wa mlango kliniki mbili zilizofuata. Yeye alielewa, maana tende aliendelea kunipa kupitia kwa watu.

Yote haya ningeyavumilia kama si Tekla. Alikuwa na mimba ya kwanza. Tulikuwa tumekubaliana tangu mwanzo kwamba nitakwenda Igunga kabla hajajifungua, nimkande kwa maji ya moto, nimfunge tumbo, nimwogeshe mtoto mpaka kitovu kidondoke na zaidi. Kwetu hiyo ni kazi ya mama. Tena Tekla alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba akizaa msichana atamwita Sesilia, jina langu. Sina mtoto mwingine wa kumkanda. Kama sikwenda safari ile, sikuwa na nyingine ya kungojea kwa hakika.

"Ishuke kwanza, mama," daktari alisema. "Basi kutoka hapa, joto, Nzega mpaka Igunga, halafu ufike ubebe maji ya moto na ukose kulala. Ukipata kiharusi kule, nani atamkanda mwenzake?"

"Mzee wangu je, akisafiri?"

"Mzee anaweza."

Mwezi wa kumi joto likashuka juu yetu kama mnavyolijua la Tabora, na kipimo changu kikapungua kidogo. Daktari alisema joto nalo linatanua mishipa. Nikafurahi, nikaanza kupanga kanga kwenye begi. Kisha mvua za kwanza zikanyesha, na mlenda ukaota kila mahali, nyuma ya nyumba, kwenye mashamba ya tumbaku ya zamani, pembeni mwa njia. Kiangazi chote nilikuwa nakula mlenda wa kukausha, siku mbili tatu kwa wiki. Sasa ulikuwa mbichi. Kwa mtu aliyenyimwa chumvi, mlenda mbichi ndiyo mboga pekee yenye ladha. Nikawa napika mchana na jioni, nakula peke yangu, maana Baba Tekla hali mlenda tangu mtoto. Anasema unamteleza kabla hajaamua kuumeza. Yeye ugali wake hula na mtindi, na nimemcheka kwa hilo tangu tuoane.

Wiki ya pili ya mvua niliamka naona ukungu. Nilidhani ni moshi wa jikoni. Nikainama kuwasha moto, damu ikatoka puani, haikukoma. Baba Tekla aliita bodaboda, akanishikilia katikati yake na dereva mpaka hospitali, shati la dereva lote jekundu mgongoni. Nililazwa. Nilikuwa kwenye kitanda cha hospitali, mkono wenye sindano ya maji, simu ya Baba Tekla ilipoita na nikasikia sauti ya Masanja inapiga kelele za furaha ndani yake. Msichana. Mama salama, mtoto salama.

Nilitoa machozi, na wauguzi wakadhani ni ya furaha. Yalikuwa ya furaha nusu.

Aliyemkanda binti yangu alikuwa Mama Masanja, mama mkwe wake, mjane anayekaa kijiji cha jirani na Igunga. Nilipotoka hospitali Baba Tekla alikwenda kumwona mjukuu, kwa ruhusa ya mishipa yake. Alikaa siku chache, akarudi na picha kwenye simu. Mtoto alikuwa na kipaji cha uso cha Tekla. Pembeni kulikuwa na mikono miwili imemshikilia, mirefu, yenye bangili ya shaba, na sikuhitaji kuuliza ni ya nani.

"Sesilia amekua," nikasema, nikitaka kusikia tu.

Baba Tekla alichukua simu yake, akaifuta kioo ambacho hakikuwa kichafu. "Wamemwita Kabula," akasema. "Alizaliwa mvua inanyesha. Halafu ndilo jina la mama yake Masanja. Ndiye aliyempokea, Mama Tekla. Isingependeza wamwite jina lingine na yeye yupo pale."

Sikula siku ile. Nililala nimemgeuzia mgongo, nikawa naisikia damu yangu sikioni, inagonga. Nilimwonea wivu mwanamke ambaye nilikuwa nimemwona mara mbili tu, kwenye posa na kwenye harusi. Nilimwonea wivu mikono. Nilimwonea wivu mume wangu aliyekuwa na harufu ya mtoto kwenye kola.

Kliniki iliyofuata nilikwenda peke yangu, nilimkataza asinifuate. Kipimo kilikuwa juu. Daktari aliweka kalamu chini.

"Jana ulikula nini, mama?"

"Ugali na mlenda."

"Mlenda una chumvi?"

"Hata chembe. Tangu mwezi wa sita sijaonja chumvi."

"Uliupikaje?"

"Kama unavyopikwa. Maji, magadi, mlenda, karanga kidogo."

"Magadi kiasi gani?"

"Ya kutosha uvutike."

"Na juzi?"

"Mlenda."

Alivua miwani. "Mama, magadi ni ndugu wa chumvi. Yakiingia mwilini yanakufanyia yale yale."

"Magadi si chumvi," nikamwambia. "Chumvi ni chumvi, magadi ni magadi. Nyumbani kwangu yanakaa vikopo tofauti."

Hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu daima. Alisema na yeye amekosea kutoniuliza tangu mwanzo, maana amekulia mjini na kwao mlenda haukupikwa sana. Akaniuliza kama mzee naye anakula. Nikamwambia hali. Hapo nikaanza kuelewa kwamba mwanamume yule hakunishinda kwa mishipa ya ukoo wala kwa moyo mweupe. Aliokolewa na ubaguzi wa mboga.

Nilipomweleza nyumbani alicheka mpaka akakaa chini. Kisha alipoona uso wangu akaacha, akachukua kikopo cha magadi, akakitoa nje bila kuniuliza. Kuanzia siku ile nilipika mlenda bila magadi. Hauvutiki vizuri na unachelewa kuiva, na ladha yake ni ya majani. Nilikula hivyo. Ninyi wa kwetu, ninyi wa Unyamwezi na Usukuma, mkiambiwa muache chumvi, mtajieni daktari na hicho kikopo cha pili. Hatakijua asipoambiwa.

Presha haikushuka kwa siku moja. Kwaresima nzima ilishuka kidogo, ikasimama, ikashuka. Kichwa cha asubuhi kikaniacha bila kuniaga, siku moja nikagundua tu kwamba nimepika uji nikiimba. Pasaka nilisomewa kipimo kwa sauti na muuguzi akasema safi sana, mama. Niligeuka kutafuta nani amesikia. Bi Zuhura alikuwa amesikia. Nikaenda nikakaa upande wa dirisha.

Nilisafiri mpunga ukiwa unavunwa, Baba Tekla akinibebea begi mpaka stendi. Vidonge nilivifunga kwenye pindo la kanga ili visipotee. Nilipofika Igunga Tekla alinirukia shingoni, mnene, mzuri, tumbo limeshikana vizuri. Nililishika, nikaona limefungwa na mtu anayejua. Mtoto akaletwa. Nikamchukua, akanitazama, akalia kwa sauti yake yote. Mama Masanja akasema, "Lete, lete," akamchukua begani na kumpigapiga mgongo, na kilio kikakatika pale pale.

Vidole vyangu vikawa vya baridi, na ilikuwa saa ya jua kali. Nilijua kinachotokea ndani, inabana, yote inabana. Nikakaa mkekani, nikapumua kama nilivyojifunza.

"Mwadila, Mama Tekla," Mama Masanja akanisalimia taratibu. "Karibu. Atakuzoea."

Alikuwa mrefu kuliko nilivyokumbuka, na alinipisha kila mahali, kitanda, kigoda, beseni la kumwogeshea mtoto. Upole wake uliniudhi zaidi. Ningependa awe na maringo nipate pa kushika. Siku zikapita, mtoto akanizoea kidogo kidogo, kwanza kidole changu, kisha paja langu. Kitu nilichoshindwa ni jina. Nilikuwa namwita mama, namwita bibi, namwita mchumba, namwita kila kitu.

Jioni moja Tekla na mumewe walikuwa mashineni. Mama Masanja alikuwa jikoni anapepeta mchele. Mtoto alikuwa mapajani mwangu, ameshiba, ananitazama mdomo kama anangoja kitu. Hakukuwa na mtu wa kunisikia. Nikamwita, taratibu, kwa sauti ile ninayoijua mimi na Tekla alipokuwa mchanga.

"Kabula."

"Abee," Mama Masanja akaitika kutoka jikoni.

Akatokea mlangoni na ungo mkononi.

"Sikukuita wewe," nikasema. "Nilikuwa namwita huyu."

"Najua," akasema. "Nimeitika tu. Tangu baba yake Masanja afariki hakuna mtu anayeniita hilo jina. Ni mama, ni bibi, ni Mama Masanja. Nimesikia linaitwa vizuri hivyo, nikaitika."

Akarudi jikoni. Nikabaki na mtoto wake wa jina. Mimi Sesilia siku hizi huitwa kliniki tu, mwisho wa benchi, na muuguzi anayeharakisha. Nilimwonea wivu mwanamke yule tena, kwa kuwa jina lake sasa lilikuwa na mtu wa kuliita. Nikasikia mchele unaruka na kutua kwenye ungo. Kisha nikaita mara ya pili, na safari hii nilikuwa namwita yeye.